Dakika Tisa Kabla ya Magharibi

Jumatatu, 9 Januari 1995

Imechelewa tena. Dakika nne. Taarifa ya habari ya saa moja asubuhi imeanza redioni, kompyuta yangu inasema bado. Nimeirekebisha. Mara ya sita hii tangu mwaka uanze, na mwaka wenyewe una siku tisa.

Kadi za leo ni za harusi mbili, moja Tandika, moja Mtoni. Mwezi huu wa Shaabani watu wanaoana kama wanafukuzwa. Kila mtu anataka kumaliza kabla ya Ramadhani. Printa imekwaruza tangu asubuhi hadi alasiri. Kichwa kinaniuma.

Baba alikaa barazani chini ya dirisha langu kama kawaida yake, kanzu nyeupe, kimya. Kompyuta ikapiga milio mitatu. Akainuka, akaenda msikitini kuadhini Magharibi. Aliyepita njiani asingejua kitu.

Alhamisi, 12 Januari

Niandike hapa, maana sina pengine pa kulisema. Baba haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mwaka jana mwezi wa nane nilimkuta ameibandika saa yake ya mkononi karibu na pua, anautafuta mshale. Aliponisikia akaivua, akasema imekufa. Saa ilikuwa inatembea.

Ameadhini msikiti huu miaka ishirini na sita. Mtaa mzima unafuturu kwa sauti yake. Adhana ya alfajiri amemwachia Shabani, katibu wa kamati, kwa kisingizio cha baridi na miguu. Adhuhuri, alasiri na isha nafasi ni pana, anajikisia. Magharibi haina mzaha. Ndiyo maana nikaandika programu. Nilijifunza shirikani nilikokuwa nafanya kazi, kabla halijafungwa na sisi kugawiwa mashine zake kuukuu na barua ya asante. Nimeingiza nyakati za Magharibi za mwaka mzima. Wakati ukifika mashine inalia mara tatu, Baba anasikia, anahesabu hatua arobaini na mbili hadi mlango wa msikiti.

Hatujawahi kulizungumza. Aliwahi kusema mara moja tu, "Hicho kidude chako kinanifaa, mwanangu." Nikajibu haya, Baba.

Wakijua haoni watampumzisha. Asipokuwa mwadhini sijui atakuwa nani. Kwa hiyo hii saa lazima iende sawa.

Jumamosi, 14 Januari

Fundi Beda kaja. Mtu wa Songea, tulikuwa naye shirikani chumba kimoja cha kazi. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza redio na pasi karibu na soko. Kafungua mashine kwenye mkeka. Ndani kuna kibetri kimechomelewa kwenye ubao, na kimevuja ute wa kijani. Anasema mashine ikizimwa, saa inaishi kwa hicho kibetri. Kikichoka, saa inasinzia.

Kibetri cha aina hiyo hakipatikani. Au kipo mahali na muuzaji hajui anauza nini. Beda kaahidi kubuni kitu. Nilimuuliza itachukua siku ngapi, akanijibu nisimwulize kuku lini atataga.

Jumanne, 17 Januari

Amebuni. Betri tatu za tochi ndani ya kikasha cha plastiki, nyaya mbili, karatasi ya gundi. Kikasha kinaning'inia nyuma ya kompyuta. Sura mbaya. Sijali.

Ijumaa, 20 Januari

Dakika tatu nyuma. Nimetukana, na Baba alikuwepo. Kaniambia nikatawadhe.

Jumatano, 25 Januari

Kila asubuhi nimeandika imechelewa kiasi gani. Tatu, tatu, nne, mbili, tatu. Beda amepima betri zake, anasema hazina kosa. Basi ni tabia ya mashine. Kuna watu wa namna hiyo. Shughuli ikiwa saa nne, kwenye kadi wenye shughuli wananiambia niandike saa tatu, maana wageni wao wanawajua.

Nitaifanyia hivyohivyo.

Jumamosi, 28 Januari

Mistari minne tu ya programu. Kila mashine inapowashwa, inajiongezea dakika tatu yenyewe. Asubuhi tatu mfululizo nimelinganisha na redio na haikupishana. Umeme nao haukukatika siku hizi, Mwenyezi Mungu atuwekee.

Nimejivuna, lazima niseme. Shirika zima halikuwa na mtu wa kufanya hivi, na wakanipunguza mimi wa kwanza. Nilimwambia Baba sasa hakuna wasiwasi tena. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka.

Jumanne, 31 Januari

Betri za kikasha zimeanza kulegea. Nilizinunua dukani kwa Mangi, zilikuwa zimelala rafuni tangu sijui lini. Baada ya taarifa ya saa moja nimetoa tatu mpya za redioni, nimezitia kwenye kikasha. Redio yetu haitumii umeme, kwa hiyo imenyamaza. Baba kauliza ina nini. Nikamwambia nitanunua nyingine wiki hii.

Kadi za mwisho zimechapwa leo. Bibi harusi wa Keko kazipokea na wino haujakauka.

Jumatano, 1 Februari

Sina kazi hata moja. Jana mashine haikupumzika, leo hakuna aliyebisha hodi. Ni hivi kila mwaka, mwezi mtukufu hauna harusi. Nimefuta printa vumbi, nimeifunika kitambaa.

Mwezi umeonekana. Kesho tunafunga. Watoto wamezunguka mtaa mzima wakigonga makopo. Baba amenyolewa nywele, kanzu yake nimeipiga pasi ya mkaa mara mbili.

Alhamisi, 2 Februari

Nitaandika tu.

Mgao umeanza upya leo. Umeme umekatika saa tano ukarudi saa saba, ukakatika tena saa nane ukarudi saa kumi. Kila uliporudi niliwasha mashine. Saa yake ilikuwa inatembea, betri zinafanya kazi. Nikashukuru. Nikaenda zangu jikoni.

Jioni kulikuwa na wingu zito, jua halikuonekana kabisa. Nilikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tende sahani mbili, moja yetu na moja ya msikitini. Mashine ikalia mara tatu. Baba akainuka. Nikamsikia akikohoa kwenye kipaza sauti, kisha adhana. Sauti nzuri. Miaka sabini na moja na bado ile sauti.

Nikala tende. Nikanywa maji. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili kanipokeza bakuli la tambi juu ya ukuta, anatafuna. Mtaa mzima ulikuwa unakula, unasikia vijiko.

Halafu msikiti mkubwa wa barabarani ukaadhini. Halafu wa Tandika. Halafu mwingine.

Bi Mwanahawa aliacha kutafuna. Tulitazamana. Alisema, "Sasa sie tumekula nini?"

Msikitini walikuwepo wazee tisa. Mmoja, Mzee Mfaume, alikuwa na saa mkononi. Aliitazama, akaona muda bado, akajiambia saa yake ndiyo imeharibika. Alikula. Shabani hakuwepo, alikuwa njiani anarudi kutoka kazini bandarini. Kafika watu wameshakaa kwenye majamvi. Alisimama mlangoni anaangalia saa yake.

Dakika tisa. Siku ya kwanza.

Baba karudi, kakaa kitandani. Hakukigusa chakula. Akasema, "Usimwambie mtu habari ya mashine." Akageukia ukutani.

Ijumaa, 3 Februari

Baada ya swala ya Ijumaa wametangaza. Waliofuturu kwa adhana ya msikiti wetu, funga yao ya jana haikutimia, wailipe baada ya Idi. Hawakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Nilikuwa kisimani. Wanawake walinyamaza nilipofika, wakaanza tena kuongea habari za mchele. Bi Mwanahawa ana sukari. Daktari alimkataza kufunga, akafunga moja tu ya kwanza kwa ubishi wake. Hiyo moja ndiyo nimemharibia.

Nimechoka kujionea huruma na siku ni moja tu.

Jumapili, 5 Februari

Jana na leo nimekaa na mashine. Nimekwenda kwa Mzee Mfaume kuazima saa yake ya mkononi, nikamwambia ya nini sijui, nimedanganya kitu. Saa yake haina kosa lolote.

Nimeondoa ile mistari minne. Nimeiacha mashine inawaka kwa saa sita bila kazi. Haikuchelewa hata nusu dakika. Kisha nikafunua printa, nikachapa kadi za zamani, karatasi mbovu, saa tatu mfululizo. Imechelewa dakika moja na zaidi.

Nikamfuata Beda kibandani. Alikuwa kifua wazi, anachomelea pasi ya mtu. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema kumbe mashine ikihangaika na printa inasahau kuhesabu. Si betri, si tabia. Ni kazi. Alisema pole mara tatu.

Basi hesabu ni hii. Niliipima mwezi wa Shaabani, wakati nachapa tangu asubuhi hadi jioni, ikawa inapoteza dakika tatu kwa siku. Ramadhani sina kazi, haipotezi kitu. Alhamisi asubuhi ikajiongezea tatu za bure, maana Jumatano sikuchapa hata kadi. Umeme ukakatika mara mbili, nikaiwasha mara mbili zaidi, ikaongeza tatu, na tatu. Redio ambayo ingeniumbua mapema niliinyang'anya betri mwenyewe.

Mtoto wa shule angeliona hili. Mimi nilikuwa najivuna.

Jumatano, 8 Februari

Kamati imekaa jana baada ya tarawehe. Baba aliitwa. Leo asubuhi Mzee Mfaume kanisimulia alipofuata saa yake, akidhani najua.

Walimuuliza Baba imekuwaje. Angeweza kusema kompyuta ya binti yangu ilikosea. Lakini wangeuliza, na wewe Mzee Salum kompyuta ya nini, mbingu huioni? Akasema, "Nilishikwa na njaa. Nikaharakisha."

Kijana mmoja wa nyuma akacheka.

Njaa. Mtu aliyefunga sunna za Jumatatu na Alhamisi tangu sijazaliwa. Nimeingia chooni nikalia huko ili asisikie.

Wamempa Shabani adhana zote.

Ijumaa, 10 Februari

Watoto wa nyumba ya Mzee Kibwana wanamwita Baba Mzee Njaa. Niliwafukuza na fagio hadi barabarani, na saumu yangu. Nimerudi napumua kama mbwa. Baba alikuwa amesikia yote, anajifanya anavuta uradi kwa tasbihi.

Kwa nini nisiseme? Nimejiuliza tangu juzi. Kwa sababu kanikataza. Kwa sababu nikisema namvua nguo. Na kwa sababu naogopa, nikubali na hili. Mtaa huu ukijua ni mimi, nani ataniletea kadi?

Jumapili, 12 Februari

Nimesema.

Nimekwenda kwa Shabani baada ya alasiri. Mkewe kanikaribisha ukumbini, yeye akatoka amevaa msuli na fulana. Ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu minne, mkavu, maneno machache. Sijawahi kumpenda. Nilidhani muda wote anakipigia mahesabu kipaza sauti cha Baba.

Nikamwambia yote. Mashine, milio, dakika tatu, macho.

Akatazama sakafu. Akasema, "Dada Zena, ya mashine sikuyajua. Ya macho nimeyajua tangu mwezi wa Rajabu. Kila mtu anayajua."

Nikamuuliza kila mtu nani.

"Mtaa. Siku moja mzee alikutana na mie pale kwenye mfereji, akaniamkia shikamoo. Mie, wa kuzaliwa juzi. Alidhani ni Mzee Mfaume. Nikafanyaje? Nikaitikia marahaba, nikakohoakohoa kizee nikapita."

Hakucheka aliposema hivyo. Mimi nilikaribia kucheka, au kutapika, sijui.

Anasema walikubaliana wasimguse. Adhana zake zilikuwa sahihi, basi aachwe na heshima yake. Walidhani ana namna yake ya kujua wakati, wazee wana mambo. Wengine walisema ni karama. Wakawa wanamwondolea mawe njiani asubuhi asije akajikwaa. Miezi yote hiyo nilidhani njia ile ni safi kwa sababu Baba anaijua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Lakini sie nasi tulimsaidia kuficha. Lawama si yako peke yako."

Nilimwomba awaambie watu ile habari ya njaa ni uongo. Akasema atasema ilikuwa saa. Saa tu, bila kutaja ya nani. Nikamwambia ataje. Akasema ataona.

Nimerudi nyumbani na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Usiku na mchana nimeihangaikia ile mashine nifiche kitu ambacho mtaa mzima unakijua. Mimi na Baba tu ndio tuliokuwa tumefichwa.

Jumatano, 15 Februari

Shabani ametaja. Jana baada ya isha alisimama akasema ilikuwa saa ya kompyuta, na Mzee hakuwa na njaa wala haraka. Bi Mwanahawa kaja asubuhi. Nilidhani kaja kunigombeza. Aliketi mlangoni akasema deni lake la funga atalitolea kibaba cha mchele kwa maskini, daktari wake atafurahi, na mimi niache kukonda. Kisha akanigombeza, kwa robo saa hivi.

Kadi za Mfungo Mosi, baada ya Idi, za harusi mbili za Mbagala nilizoahidiwa, zimepelekwa kwa mtu mwingine. Sawa.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemwambia Baba kwamba wanajua. Nilidhani atakasirika. Aliuliza kitu kimoja, "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Rajabu, wengine kabla.

Futari alikula kidogo. Sijawahi kumwona mzee kiasi hiki.

Jumatatu, 20 Februari

Haendi msikitini. Anaswali chumbani. Adhana ya Shabani ikianza anageuza uso, midomo inaitikia. Shabani ana sauti nyembamba, inakatika mwishoni. Baba anajua inapokatika, anakunja ngumi hapohapo.

Jana nilimwambia kuna hospitali wanatoa mtoto wa jicho. Akasema Mungu alimwachia macho miaka sabini, inatosha. Nilimwambia hiyo si dini, hiyo ni kiburi. Nilijuta kabla sijamaliza.

Ijumaa, 3 Machi

Idi. Kanzu niliyompigia pasi imebaki kwenye msumari. Watu wamekuja kumpa mkono, wengi kuliko mwaka jana. Kila mmoja alijitaja jina kwanza, "Mie Mfaume," "Mie Kibwana," kwa sauti, kama anaita ng'ambo ya mto. Wanamwona kama hasikii pia. Nimepika pilau, limeungua chini.

Watoto wamekuja kutaka Idi yao. Wale wa fagio pia. Baba kawapa peremende, akawauliza majina mmoja mmoja.

Alhamisi, 9 Machi

Leo nimelipa ile siku. Baba naye. Hatukupanga, nilikwenda kumwamsha daku nikamkuta ameshaamka, amekaa.

Siku ndefu, joto. Mashine sijaiwasha, sina kazi ya mtu. Alasiri nikamnyunyizia kanzu maji ya karafuu. Sikumwambia kitu.

Jua lilipoanza kushuka akatoka chumbani amevaa. Akasimama katikati ya ukumbi. Nilidhani anatafuta bakora, nikaichukua nimpe. Akaisukuma pembeni, akanyoosha mkono wake.

"Nishike," akasema.

Tumetoka mlango wa mbele. Mwanga bado, watu wote nje, wauza samaki, wanawake na ndoo zao, watoto. Nilimshika kiganja, akanishika kwa nguvu. Wengine walisimama. Hakuna aliyesema pole, namshukuru Mungu. Bi Mwanahawa aliingiza kigoda chake ndani kutupisha njia. Mkono wa Baba ulikuwa na jasho, na wangu.

Mlangoni kwa wanaume mimi naishia hapo. Shabani alikuwa ndani, anajiandaa na kipaza sauti. Ametuona. Amekiweka chini, akaja hadi kizingitini, akaupokea mkono wa Baba kutoka kwenye wangu. Wakaingia. Nilisimama kidogo nikasikia Baba anamwambia pale mwishoni avute pumzi kabla, si katikati.

Nikarudi nyumbani. Adhana ilipoanza nikafungua saumu kwa maji.